Jibu: Mtoto wa wiki 6 anarukaruka usingizini, je, ni degedege?

Mama, kwa ulivyoeleza (vidole vinacheza, mguu unaruka, kope zinapepesa, akiamka yote yanakoma) hiyo si dalili ya degedege. Ndivyo wachanga wanavyolala.

Umri huo mtoto hulala saa 14 hadi 17 kwa siku. Karibu nusu ya usingizi wa mchanga ni ule ambao macho huzunguka chini ya kope na pumzi haziendi sawa. Hapo shina la ubongo hutuma amri fupifupi, kidole hiki, kifundo kile, na kila kiungo kikiruka taarifa hurudi ubongoni. Maabara ya Mark Blumberg, Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, imeonyesha kwa vitoto vya panya kwamba siku za mwanzo ubongo hupokea vizuri taarifa za miruko ya usingizini, ilhali zile za kujisogeza akiwa macho nyingi huzuiwa njiani. Akiwa macho anatupa mikono na miguu kwa pamoja, fujo tupu. Akilala, misuli imelegea na kinaruka kiungo kimoja, kama fundi umeme anayejaribu swichi mojamoja ajue ipi inawasha taa ipi. Kuanzia kama miezi 3 miruko huonekana hata kwenye usingizi mtulivu, usishtuke.

Ukitaka uhakika, mwamshe mara moja tu. Ikikoma papo hapo, basi. Usimbane mkono kuuzuia, maana kwa baadhi ya watoto ukibana ndiyo inazidi, na hapo ndipo watu hukosea wakaanza kumpa dawa za kifafa bure.

Cha kukimbilia hospitali: mtikisiko unaoendelea ameshaamka, macho kukodolea upande mmoja, midomo kuwa ya bluu, homa, au kukataa kunyonya. Kingine, hasa miezi 3 hadi 12, ni kujikunja ghafla kichwa na mikono kwa mafungu, mara nyingi akitoka kuamka. Wengi husema ni chango wakachelewa. Huyo aonwe siku hiyohiyo. Mrekodi video kwa simu, daktari ataelewa haraka kuliko maelezo.

Kulala: chali, godoro gumu, bila mto. Khanga isimnyooshe miguu kwa kuibana, huumiza nyonga. Kifudifudi ni akiwa macho na wewe upo. WHO wanasema angalau dakika 30 kwa siku kwa asiyetambaa, unaweza kuzigawa dakika 2 au 3 kila ukimbadilisha nepi, ila si akitoka kunyonya, atacheua.