Tochi ya funguo inakataa chaja mpya: ni feki?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mchuuzi wa samaki, naishi Ngamiani, Tanga. Alfajiri nashuka Deep Sea kupokea mzigo, kwa hiyo nimenunua tochi ndogo ya kuchaji, nimeitundika kwenye funguo za pikipiki. Boksi lake limeandikwa lumeni 400, saa 20, betri miliampea-saa 130. Nikiichomeka kwenye chaja mpya ya simu, ile ya waya wa C pande zote mbili, haiingizi chaji kabisa. Kwa waya wa zamani wa mke wangu inaingiza. Halafu mwanga mkali unakaa kama dakika moja tu, unafifia. Nimepigwa? Na fundi simu anaweza kuirekebisha?

JIBU: Marahaba. Tochi ni nzima, ila aliyeitengeneza amebana matumizi.

Ndani ya tundu la C kuna pini mbili za mawasiliano. Kifaa kinachopokea umeme kinatakiwa kiwe na rezista (kijipande cha kubana umeme) ya omu 5,100 kwenye kila pini. Chaja yenye tundu la C haitoi umeme mpaka iihisi rezista hiyo. Isipoihisi, kwake ni kama hujachomeka kitu. Tochi nyingi za bei nafuu hutoka kiwandani bila rezista hizo. Ule waya wa shemeji unakubali kwa sababu kichwa chake kipana kinaingia kwenye chaja ya zamani, na chaja hiyo hutoa volti 5 muda wote bila kuuliza mtu. Jaribu pia kuugeuza waya wa C upande wa pili. Ikiingiza upande mmoja tu, basi waliweka rezista moja.

Na usiogope chaja kubwa, kwamba itaiunguza. Chaja nzima ya C huanza na volti 5, hupandisha pale tu kifaa kinapoomba, na tochi hii haina uwezo wa kuomba chochote.

Kuhusu mwanga, tupige hesabu. Betri ya miliampea-saa 130 kwa volti 3.7 ina karibu nusu wati-saa. Taa nzuri ya LED hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati moja, kwa hiyo lumeni 400 zinakula wati 4. Betri yako ingeweza kuzihimili kwa dakika saba hivi, basi. Ukitaka saa 20, unabaki na lumeni mbili na kidogo, mwanga wa kutafutia tundu la kufuli. Namba zote mbili zinaweza kuwa za kweli, lakini si kwa pamoja, na boksi halikwambii hilo. Hata kipimo cha tochi cha ANSI FL1 kinachofuatwa na kampuni kubwa huhesabu muda mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kufifia baada ya dakika moja hufanywa makusudi: kiganda kidogo namna hiyo hakina pa kupeleka joto, kwa hiyo saketi hupunguza moto kabla LED na betri havijaumia. Tumia mwanga wa kati, ule mkali uache wa kumulika mbali mara moja.

Mimi ningehofia zaidi hapo Deep Sea. Maji ya samaki yana chumvi, na chumvi ikibaki kwenye tundu la chaji kisha ukachomeka waya, umeme unazila pini kwa kasi kuliko kutu ya kawaida. Hilo ndilo litakaloiua tochi yako, si rezista. Ukirudi, ifute kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, kausha, hakikisha kizibo cha mpira kimekaa sawasawa. Tundu likiwa na unyevu usichaji, hata kama kesho una safari. Ukiona ukijani kwenye pini, izime tochi, usugue taratibu kwa mswaki uliochovywa spiriti kidogo, uache ikauke.

Fundi simu mwenye darubini anaweza kuzichomelea rezista, lakini tochi nyingi za namna hii zimegundishwa. Kuifungua ni kuharibu kinga yake ya maji. Kwa kazi yako ya pwani sikushauri. Nunua waya mmoja wa kichwa kipana kwenda C, uweke pamoja na chaja ya zamani.