Ng'ombe mgeni na mfuniko wa keni

Mfuniko wa keni ya maziwa ukianguka bandani kwangu, Pendo, ng'ombe wangu wa zamani, hata sikio hachezeshi. Siku ya pili baada ya kuleta ng'ombe mwingine, mfuniko uleule uliponyoka. Yule mgeni alipiga ndoo teke, akarudi nyuma mpaka akagota nguzo, ngozi ya ubavu ikimcheza kana kwamba anafukuza nzi. Maziwa yakakata palepale. Na muuzaji alikuwa ameniapia lita kumi kwa siku!

Jirani akasema mfunge miguu ya nyuma. Nikamfunga. Kesho yake akawa anatetemeka kwa kuiona kamba tu.

Bwana mifugo alipokuja hakujali habari za mfuniko. Aliuliza ng'ombe alisafirije. Nikaanza kuhesabu: usiku kucha amesimama kwenye Fuso bila maji, ndama kaachwa alikotoka, na alfajiri alipofika tu nikamwita mtu amchome sindano ya minyoo. Mfuniko ulimkuta tayari roho iko juu juu. Mwaka 1989 Michael Davis, mtafiti wa Marekani, alionyesha jambo hilo kwa panya: waliopigwa shoti miguuni walishtushwa zaidi na sauti ya ghafla kuliko kabla ya shoti. Ng'ombe naye akishtuka, adrenalini inazuia homoni inayoshusha maziwa. Ukiendelea kuvuta chuchu unamuumiza bure.

Kwa hiyo ukileta ng'ombe mgeni, kitu cha kwanza ni maji, kisha majani, kisha umwache. Sindano, kukata pembe, kumhamisha banda, visirundikane siku moja. Kama hakuna dharura, visubiri. Akamuliwe na mtu mmoja, saa zilezile. Akishtuka katikati ya kukamua, simama, mpe pumba, rudi baada ya nusu saa ummalizie, maana maziwa yakibaki kwenye kiwele yanakaribisha ugonjwa. Fimbo weka mbali kabisa.

Sauti nazo mzoeshe. Mimi nilianza kugonga keni taratibu kwa kijiti nikiwa mbali, yeye akila, kila siku nikisogea kidogo.

Siku ya kumi na mbili mfuniko ulianguka tena, safari hii kwa bahati mbaya kweli. Akainua kichwa, akageuza masikio, akarudi kwenye pumba. Jioni hiyo tulipima lita nane kwa siku nzima. Zile mbili za muuzaji bado nazisubiri.