Igizo la ngoma ya malalamiko: anzia Banaba

Mdogo wangu, umeuliza kama ngoma inaweza kweli kuwa malalamiko, na igizo lenu la shule lianzie wapi. Waangalie Wabanaba, wenyeji wa kisiwa cha Banaba katika Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1900 kampuni ya Waingereza iliwasainisha mkataba wa kuchimba fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea: pauni 50 kwa mwaka, kwa miaka 999. Hebu fikiria, 999! Kisiwa kikachimbwa hadi yakabaki majabali yaliyochongoka, na mwaka 1945 watu wakahamishiwa kisiwa cha Rabi, huko Fiji. Kila tarehe 15 Desemba, siku waliyoshuka melini, huikumbuka safari hiyo kwa ngoma. Msiige mavazi yao, yana wenyewe. Nyie onyesheni ule mkataba: mmoja ashike kalamu, mwingine koleo la kuchimbia, ngoma ipigwe taratibu.