Busti kwa laki mbili na nusu? Mkuu nenda kachukue funguo zako

Mkuu ahirisha. Hiyo ya fundi kukufungia busti kontrola (kifaa cha kupandisha busti, yani presha ya hewa ya turbo) Alhamisi ili Jumamosi uingie kwenye drag (zile mbio za kunyooka za mita 402), ahirisha, na kama gari iko kwake tayari kaichukue leo leo hata kwa kusukuma. Nimesoma ulichoandika chote, una Subaru Impreza WRX ya GDA (ndo kodi ya modeli) manual imetoka Japan juzi, unauliza tairi, usajili, helmeti, namna ya kuondoka mstarini, afu katikati umepitisha sentensi moja kama vile ni kitu kidogo, eti fundi ataipandisha mpaka bar 1.4 kwa laki mbili na nusu na atafunga kidude cha kuzuia isikate mafuta. Hiyo sentensi ndo swali lako lote. Hayo mengine hata ukikosea utarudi nyumbani unaendesha, hiyo moja utarudi umekaa mbele na dereva wa brekdauni.

Nimeshtuka kwasababu ni maneno yaleyale niliyoambiwa mimi. Bei ni ileile, kidude ni kilekile, hata ile "mkuu hizi gari Wajapani wamezibana makusudi" najua lazima umeambiwa.

Sasa sikiliza hicho kidude ni nini, maana hakuna fundi atakayekueleza. Kontroboksi ya Subaru, yani kompyuta ya injini, ina kinga, busti ikipita kiwango ilichopangiwa inakata mafuta, gari inafunga ghafla, unahisi umepigwa breki. Inafanya hivo kwa sababu ya maana. Pampu na nozeli zako ni za kiwandani, zina mwisho wake, kontroboksi inajua hewa ikizidi pale mafuta hayatatosha. Kile kidude kinakaa kwenye waya wa sensa ya presha na kuidanganya kontroboksi kwamba busti bado iko chini. Tatizo linabaki palepale mkuu, mlinzi ndo amefungwa kitambaa usoni. Hewa inazidi kuingia, mafuta yamefika mwisho, na hakuna anayekuambia.

Petroli inaungua vizuri kwa uwiano wa hewa 14.7 kwa mafuta 1, hiyo ni ukiwa unacruise zako Bagamoyo Road. Kwenye turbo ukiwa umekanyaga mpaka chini unataka mafuta mengi zaidi, 11 mpaka 11.5 hivi, kwasababu yale mafuta ya ziada ndo yanapoza ndani ya silinda. Ikifika 12.5 na kuendelea huku busti iko 1.4 mchanganyiko unaanza kujilipukia wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Ndo kunoki hiyo. Na usidhani utaisikia, maana ni kelele kama kokoto kwenye kopo, na we una helmeti kichwani, egzosi ya inchi tatu nyuma, madirisha wazi na watu wanapiga kelele pembeni. Taa haiwaki. Gari inavuta vizuri tu mpaka sekunde inapokataa.

Na huyo fundi wako amekuuliza unaweka mafuta gani? Najua hajakuuliza. Hizi gari za soko la Japan zimepangiwa premium ya kwao, inayouzwa kule ni oktani (uwezo wa mafuta kustahimili kunoki) 98 mpaka 100 hivi. We hapa unajaza petroli ya sheli ya njiani kama sote. Kwaiyo kabla hujagusa chochote kontroboksi tayari inarudisha taiming nyuma (inachelewesha moto wa plagi) kujilinda, ile nafasi ya usalama Wajapani waliyoacha tumeshaitumia wakati tunatoka sheli. Na EWURA walianza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta yaliyochakachuliwa) kwenye mafuta mwaka 2010 kwasababu watu walikuwa wanachanganya petroli na mafuta ya taa, na mafuta ya taa kwenye injini ya turbo yanaua oktani kabisa, kwaiyo usije ukanunua ya kidumu njiani eti unawahi mstari. Afu ongeza na joto letu. Intakula ya WRX, ile rejeta ya kupoza hewa ya turbo, imelala juu ya injini, umepanga foleni saa nane mchana, joto la digrii 32, boneti imefungwa, injini inaunguruma chini yake. Hewa inayoingia raundi hiyo na ile ya asubuhi ni vitu viwili tofauti. Turbo yako ni TD04, ndogo, ukiilazimisha 1.4 juu huko inapika hewa tu, nguvu unayoongeza ni kidogo na joto ni jingi.

Yangu ilikuwa hivi. Raundi ya kwanza gari ilivuta balaa, sijawahi kuihisi vile, fundi mwenyewe alikuja siku ile na anapokea pongezi utadhani ni yeye alikuwa kwenye usukani. Raundi iliyofuata nimeondoka vizuri zaidi lakini kile kikaratasi cha muda kinaonyesha spidi ya mwisho wa mita 402 imeshuka. Hapa nataka uwe makini sana mkuu, hii ndo alama ya kwanza na karibu watu wote wanaiangalia bila kuiona. Muda unategemea sana ulivyoondoka, spidi ya mwisho inategemea nguvu ya injini. Ukiona umeondoka vizuri zaidi na spidi ya mwisho imeshuka, injini inakuambia inaumwa, ama imepata joto ama inanoki na kontroboksi inarudisha taiming. Unazima, unafungua boneti, siku imeisha. Nikamuonyesha fundi kile kikaratasi. Akasema, na nanukuu, "hiyo klachi inateleza, ongeza rev ukiondoka."

Klachi! Mtu hajaweka geji hata moja kwenye hilo gari, hana anachokiona, anakujibu kwa kujiamini kama daktari aliyeshika eksirei. Hapo ndo hasira yangu ilipo mpaka leo. Angesema sijui tungeishia pale.

Raundi iliyofuata mwishoni mwa gia ya tatu nguvu ikalegea, nikaangalia kioo nyuma moshi wa bluu. Nilivyosimama nikafungua kofia ya oili injini ikiwa inaunguruma, ikawa inanipulizia moshi usoni, pumzi ya silinda inapita kwenye ringi inashuka chini inatokea juu. Tumekuja kupima kompresheni, silinda tatu zinacheza psi 145 mpaka 150, namba nne ina 60. Nilishika plagi ya namba nne mkononi, ile kauri yake nyeupe ina vidoa vidogo sana vinavyong'aa rangi ya fedha, ukiipitisha kucha havitoki. Ile ni alumini. Ni pistoni yenyewe imeyeyuka kidogokidogo ikarukia kwenye plagi. Injini ilivyoshushwa ukingo wa pistoni katikati ya ringi mbili za juu umemeguka kipande na kile kipande kimekwangua ukuta wa silinda kuanzia juu mpaka kati.

Unajua fundi alisema nini? "Subaru ndo zilivyo, pistoni zake dhaifu." Pistoni za EJ205, ndo injini ya hizi WRX, ni za kumiminwa ndio, hazipendi kunoki, hilo kila mtu anajua, lakini zile zilikuwa zimetembea miaka kibao kwa busti ya kiwandani bila shida yoyote, zimekuja kuwa dhaifu wiki uliyozigusa wewe? Na bado akaniletea dili la injini ya mtumba Gerezani, nikaja kugundua kuna cha juu chake humo. Yani kaniulia na kuzika akataka alipwe. Milioni nne na ushee iliondoka ukijumlisha injini, klachi, gasketi, oili na kazi, tena gari ilikaa juu ya mawe gereji kwake huku anafungua vitu vyake vingine.

Kwaiyo sheria ni moja mkuu, ishike hiyo hata ukisahau mengine yote: HAKUNA GEJI HAKUNA BUSTI. Sio geji ya busti ile ya kuweka kwenye pila kwa urembo, hiyo inakuambia hewa tu. Nasema geji ya mchanganyiko wa hewa na mafuta, waidibendi, sensa yake inachomelewa kwenye bomba la egzosi. Sensa ya kiwandani haiwezi hiyo kazi, yenyewe inajua vizuri pale karibu na 14.7 tu, ukikanyaga haikuambii kitu cha maana. Ile geji na kuifunga haifiki hata robo ya pesa niliyozika mimi. Ifunge wakati gari iko stoku kabisa (kama ilivyotoka kiwandani), iendeshe, jua namba zako za kawaida ukikanyaga gia ya tatu mpaka juu. Ukishazijua ndo uzungumze na mtu kuhusu busti, na huyo mtu awe anakuja na laptop, sio spana. Kwa Subaru kuna kebo ya Tactrix na programu ya RomRaider ambayo ni ya bure, kama kontroboksi yako inasomeka nayo unaona kabisa imerudisha taiming mara ngapi kwasababu ya kunoki na kwenye rev gani. Anayetyuni akikuambia yeye haangalii hizo, yeye anasikiliza kwa sikio, shukuru mzee ondoka.

Na pampu kubwa inafungwa kabla busti haijapanda, nozeli pia ziangaliwe kama zinatosha. Ukiona kitu cha kwanza kwenye listi ya fundi ni busti na pampu ni "baadae tukipata hela", huyo anataka laki mbili na nusu yako tu.

Mtu atakuja hapa chini kusema yeye anatembea na 1.4 mwaka wa pili na haijafa. Sawa kaka, muulizeni ana pampu gani, nozeli gani, nani kaityuni. Nakuhakikishia ama ana vyote hivo ama anatembea nayo Mbezi kwenda Posta kwenye foleni, hajawahi kuishika gia ya tatu mpaka juu mchana wa jua mara nyingi mfululizo. Drag ndo inaua kwasababu unarudia kitu kilekile kigumu huku gari haijapoa.

Jumamosi we ingia na stoku. WRX ya GDA ya Japan ni farasi 250 kutoka kiwandani na inakamata kwa miguu yote minne, wanaokusema ni polepole wengi utawaacha mita 20 za mwanzo. Katikati ya raundi funga AC, boneti juu, mimina maji ya baridi kwenye intakula, angalia tu yasiende kwenye waya. Mdau mmoja ana Altezza ya kawaida, haina turbo wala nini, siku ile yangu inakufa yeye alipiga raundi mpaka jua linazama, anarudia muda uleule kila mara, akarudi Kimara na familia yake kwenye gari hiyohiyo. Huyo ndo alikuwa anacheza drag, sisi wengine tulikuwa tunafanya maonyesho.

Tairi, usinunue sliki, zile za mbio zisizo na kashata. Kwenye gari inayovuta kwa tairi zote nne tairi isipoteleza kabisa mshtuko wote unaenda kwenye giaboksi, na hiyo yako ya gia tano meno yake hayapendi hilo. Tairi nzuri ya barabarani inatosha. Usiachie klachi kwa rev 6,000 eti umeona video, anza 4,000 na uiachie haraka ila usiitupe. Na usije ukajaribu kuchoma tairi kabla ya kuondoka, sentadifu (difu ya kati inayogawa nguvu mbele na nyuma) itakufa.

Taa za kuondokea usizipanikie, saa ya muda wako inaanza gari ikitoka kwenye mwali wa mwanga wa sensa pale mstarini, sio taa ikiwaka kijani, kwaiyo ukichelewa kuondoka muda wako haubadiliki, unapoteza tu ile mbio na wa pembeni. Helmeti vaa hata wasipokulazimisha, NHRA, chama cha drag kule Marekani, gari ikishaenda sekunde 13.99 au chini ya hapo kwa hizo mita 402 ni lazima, na hiyo yako ikiondoka vizuri iko jirani na hapo.

Usajili watakujibu wengine. We kesho asubuhi kabla ya kufanya lolote nenda kwa fundi mwingine, SIO huyo, kapime kompresheni injini ikiwa ya moto na trotoli imefunguliwa yote. Plagi za Subaru ziko ubavuni, kuzifikia ni kero na atataka kupima mbili akuambie zingine zinafanana, mkatalie. Namba nne ndo ya mwisho kule nyuma na ndo ninayoitaka. Ziweke hapa zote nne nizione kabla hujalipia hiyo Jumamosi.