Usiingie kwenye hicho kichaka!

Mkuu, uliposema Jumamosi unaingia kichakani ili umpige bundi picha ya karibu, nimeshtuka. Acha kabisa! Swali lako la darubini tutalifikia.

Mimi niliingia. Kwenye kipori ninachozungukia kila majira ya baridi, bundi masikio-marefu saba walikuwa wakilala mchana kwenye miti ya miiba. Niliwagundua kwa vitonge vya manyoya na mifupa ya panya walivyovitapika chini ya mti, nikajiona profesa. Basi mzee mmoja mwenye darubini ya bei mbaya shingoni akaniambia: "Baridi inawafanya wazembe. Nyatia tu, hawaruki."

Nikanyatia. Bundi mmoja akajinyoosha, akawa mwembamba kama kijiti, masikio wima, macho kodo. Mimi huku nafurahi: jamaa anapiga pozi! Nikafyatua picha kama arobaini. Kumbe hiyo ndiyo hofu yenyewe, anajifanya tawi usimwone. Hatua mbili zaidi, wote saba wakatoka mchana kweupe na kunguru wakawarukia kwa kelele. Wiki iliyofuata, kimya. Msimu uliofuata, kimya. Na hapo walikuwa wakirudi kila mwaka! Picha zenyewe sasa: matawi yametoka safi, bundi ukungu mtupu. Nina albamu nzima ya matawi, anayetaka aseme.

Yule mzee afadhali tusikutane. Eti wazembe! Bundi anatulia mchana kwa sababu usiku ana kazi ya kuwinda, na theluji ikifunika nyasi panya hawashikiki kirahisi. Nguvu anayoimaliza kukukimbia wewe ataifidia wapi? Na wale ndege wengine wadogo kabisa wanaoishi kwenye misonobari ndio usiseme: gramu 5 au 6 tu, mchana mfupi wote ni kutafuta wadudu ili usiku upite salama.

Kwa hiyo wewe simama, wao ndio waje. Egemea shina la mti pembeni, jua liwe mgongoni, tulia nusu saa. Majani yamepukutika, utawaona ukiwa mbali. Na wao wanakuona vilevile. Ndege akiacha kula akakukodolea, rudi nyuma hapo hapo, usingoje aruke.

Darubini uliyonayo inatosha. Halafu ile ramani ya kichaka uliyoiweka hapa, ifute sasa hivi, wengine wasije kuwasumbua.