Peru: ukitoka Lima kwenda Cusco, usilale Cusco usiku wa kwanza

Dada, futa hiyo ratiba. Umeuliza mambo manne: zawadi ya kumwachia mama mwenyeji unayekaa kwake, mizigo uiache wapi, basi au ndege, na Cusco ufikie mtaa gani. Nimesoma mpaka pale uliposema unaaga Lima Ijumaa mchana, Jumamosi uko Cusco, Jumapili alfajiri unakwenda Machu Picchu, ule mji wa kale wa Wainka, nikashindwa kuendelea. Ratiba hiyohiyo nilipewa mimi nilipomaliza miezi mitatu ya kujitolea pembezoni mwa Lima. Iliniishia kitandani na mpira wa oksijeni puani, tena mimi mtoto wa Moshi.

La Moshi nimelitaja mapema ili mcheke mmalize. Nimekua nakiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nikipiga mswaki, nikajiaminisha kwamba mimi na milima ni ndugu. Kumbe kuuona mlima ni kitu kimoja na kuulalia ni kingine. Moshi mjini haifiki hata mita 1,000, na Lima iko baharini kabisa. Cusco iko mita 3,400. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu watanielewa haraka: kambi ya kwanza, Mandara, ni kama mita 2,700, ya pili, Horombo, ni 3,700, kwa hiyo Cusco inakaribia Horombo. Sasa nenda pale getini umwambie mpagazi yeyote kwamba una mgeni ametoka ufukweni jana na leo unataka akalale Horombo. Atakuuliza kama mgeni huyo ana ndugu wa kupokea mizigo yake.

Aliyenidanganya ni mratibu wetu wa kujitolea. Nilimuuliza vizuri tu, basi au ndege? Akanijibu kwa sauti ya mtu mwenye shahada ya milima: "Panda basi, mwili unazoea taratibu njiani." Ndiyo maana nakuandikia kwa hasira, kwa sababu naona na wewe umeandika "nimeambiwa basi ni salama zaidi kwa mwinuko". Nani kakwambia? Naye ana shahada ya milima kama mratibu wangu?

Basi lenyewe ni hivi. Kutoka Lima linafuata pwani mpaka Nazca, huko hujapanda chochote. Kisha usiku linakata kuingia milimani kuelekea Puquio na linavuka nyika za juu zaidi ya mita 4,000, wewe umekunjwa kwenye kiti, umefunikwa blanketi, unakoroma. Linashuka Abancay, linapanda tena, linakutema Cusco baada ya saa ishirini na ushee. Mwili huzoea mwinuko kwa siku na kwa usiku wa kulala, haujui habari za saa ishirini za kupandishwa na kushushwa kama ndoo ya kisimani. Baadaye nilisikia mratibu alikuwa anapata chochote kwenye kila tiketi ya basi. Sitasema zaidi, nina presha.

Anayestahili sifa ni mama mwenyeji wangu. Yeye ni mtu wa Ayacucho, milima anaijua. Siku ya kuondoka aliniambia maneno mengi huku akijishika kifua na kichwa. Kihispania changu wakati ule kilikuwa cha kununulia mboga, nikadhani ananililia kwa uchungu wa kuachana. Nikamkumbatia, na mimi nikalia. Kumbe ananiambia nisile sana, nisinywe pombe, nitembee kama mzee! Nikafuta machozi, nikala sahani mbili za aji de gallina, mchuzi mzito wa kuku, na mratibu akanimiminia pisco, pombe kali ya zabibu, ya kuagana. Mara tatu.

Sasa sikiliza sehemu inayowapumbaza wengi. Nilishuka Cusco nikiwa mzima. Mzima kabisa! Ugonjwa huu wa mwinuko, wenyeji wanauita soroche, mara nyingi husubiri saa sita mpaka kumi na mbili ndipo ugonge hodi. Mimi nikajua nimefaulu mtihani. Nikaacha begi, nikapandisha ngazi za mtaa wa San Blas, nikaenda kwa miguu mpaka magofu ya Saksaywaman, ambako ni juu zaidi, kama mita 3,700. Nikapiga picha kwenye yale mawe makubwa ya Wainka, nimenyoosha vidole viwili kama bingwa. Picha ninayo, na midomo imeshaanza kuwa ya bluu. Nilidhani ni mwanga.

Saa nne usiku kichwa kikaanza kupigwa kama ngoma ya harusi. Aji de gallina yote ikarudi. Nikilala nashtuka kama mtu anayezama, nikikaa chumba kinazunguka. Mwenye hosteli akaja na mtungi wa oksijeni, daktari akaitwa, akanipima oksijeni kidoleni, akasema nipumzike, na nikianza kukosa pumzi hata nimekaa, kuyumba kama mlevi au kuongea vitu visivyoeleweka, hakuna mjadala, nishushwe usiku huohuo. Hizo dalili tatu zishike, ndizo zinazoua watu.

Jumapili alfajiri tiketi yangu ya Machu Picchu, soli 152 za Peru, ikapita nikiwa nimekumbatia ndoo. Tiketi ile ina tarehe na saa ya kuingia, haikusubiri. Treni nayo ikaondoka na kiti changu, na treni ni ghali kuliko tiketi yenyewe. Na kinachoniuma mpaka leo: Machu Picchu iko mita 2,430. Nilizuiwa na ugonjwa wa mlima kwenda mahali palipo CHINI ya kitanda changu kwa karibu mita elfu moja.

Jumatatu nikabebwa kwa teksi mpaka Ollantaytambo, bondeni, karibu mita 2,800. Jioni nikala supu. Kesho yake nikatembea. Ndipo nikaelewa Wainka waliweka Mandara yao hapohapo na mimi nimeiruka.

Kwa hiyo dada: ukifika Cusco, kwa ndege au kwa basi, usitoe hata nguo kwenye begi. Panda gari la Ollantaytambo au Urubamba siku hiyohiyo, ni kama saa mbili tu. Njiani unaweza kupitia Chinchero, ambako ni juu kuliko Cusco, usitishike, unapita tu, hulali. Kaa bonde usiku mbili au tatu. Treni ya Machu Picchu inaondokea Ollantaytambo kwenyewe, kwa hiyo hupotezi kitu. Cusco iwe ya mwisho, ndipo uje uzunguke hekalu la Qorikancha na vichochoro ukiwa na mapafu yako.

Vidonge vya kuzuia ugonjwa huu, acetazolamide, vipo, mwone daktari kabla, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Vinaanzwa siku moja kabla ya kupanda, vidole vitawasha na chooni utakwenda kama umelipwa. Chai ya koka, mmea uleule wa kokeini, kunywa, inaburudisha, lakini si tiba, na majani yake usithubutu kuyatia kwenye begi la kurudi nyumbani. Halali ya Peru ni kesi uwanja wa ndege mwingine. Kama kazini kwenu wanapima mkojo, hata chai iache.

Mambo ya zawadi ya mama na mizigo nitakuja kuyaandikia, ngoja kwanza. Tiketi ya Machu Picchu umeshailipia au bado? Weka hapa tarehe na saa iliyoandikwa, na usibonyeze kulipa kabla sijaiona.