Je, meli itatungoja? Kushuka bandarini bila ziara ya kampuni

SWALI: Mimi na mume wangu ni walimu wastaafu hapa Nakuru. Binti yetu anayefanya kazi Ireland ametulipia safari ya meli ya wiki moja mwezi Septemba. Tunapandia Civitavecchia nchini Italia, tunapita Santorini, Kuşadası, Piraeus na Naples, kisha tunarudi Civitavecchia. Ziara zinazouzwa na meli yenyewe ni ghali mno kwa watu wa pensheni. Je, tunaruhusiwa kushuka na kutembea wenyewe? Tukichelewa, meli itatungoja? Ndoto yangu ni kuikanyaga Efeso ya Mtume Paulo, lakini goti la mume wangu si zima. Kuşadası, bandari ya Uturuki iliyo karibu na Efeso, tunafika 08:00 na kuondoka 17:00. Na visa, moja inatosha?

JIBU: Mwalimu, hongera wewe na mzee kwa kulea binti wa namna hiyo. Nianze na yale mawili yanayokukosesha usingizi. Kushuka wenyewe mnaruhusiwa. Hakuna wa kuwazuia mlangoni mradi hati zenu ni sawa na mmebeba kadi mliyopewa na meli. Kungojwa, hapana. Aliyenunua ziara ya meli, basi likiharibika njiani, kampuni ndiyo inayobeba mzigo: meli humngoja, au yeye hupelekwa bandari inayofuata kwa gharama ya kampuni. Aliyekwenda kivyake akichelewa, kamba zinafunguliwa.

Nayasema haya kwa sababu kabla ya kufungua ofisi yangu ya safari hapa Kisumu nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye meli za kitalii, na zamu zangu nyingi zilikuwa penye ngazi, nikipitisha kadi za abiria kwenye mashine. Kila kadi ikipita, mashine inalia na idadi ya waliobaki nje inapungua kwa mmoja. Siku moja pale Messina, Sicily, idadi iligoma kwenye wawili. Majina yakaitwa kwa vipaza sauti mara tatu. Ofisa akaenda chumbani kwao, sefu ikafunguliwa, pasipoti zikatiwa kwenye bahasha na kukabidhiwa wakala wa meli aliyesimama gatini. Ngazi ikavutwa. Tulikuwa tumeachana na gati kama upana wa barabara hivi nilipowaona wakitokea, mume na mke wa rika lenu. Hawakuwa wanakimbia. Walikuja polepole, mama ameshika mfuko wa malimau, kwa sababu kwa simu zao bado walikuwa na saa nzima mkononi. Meli ilikuwa imetoka Ugiriki na saa zake zilikuwa hazijarudishwa nyuma; simu zao zilishajirekebisha zenyewe kufuata saa za Italia. Yule mama aliangalia simu, akaangalia meli, akaangalia simu tena.

Ndiyo maana kila ninayemsafirisha humwambia anunue saa ya mkono ya mishale, ya bei ndogo tu, na airekebishe kila asubuhi kwa saa iliyo kwenye ukuta wa meli. Simu isiaminiwe. Septemba, Italia iko nyuma ya Kenya kwa saa moja, na Ugiriki na Uturuki ziko sawa na sisi. Kwa njia yenu, basi, saa inaweza kubadilishwa mara mbili: mkitoka Italia, na mkirudi kabla ya Naples. Msidhani imebadilishwa, ulizeni. Na kwa kuwa meli huandika saa kwa mtindo wa 16:30, nyinyi andikeni kwenye kikaratasi chenu kwa Kiswahili: saa kumi na nusu alasiri. Mtu akichoka na jua, kichwa hufanya hesabu vibaya. Angalieni pia kwamba saa ya kuondoka siyo saa ya mwisho ya kuingia. Hiyo ya mwisho kwa kawaida hutangulia kwa nusu saa, na meli nyingine huweka saa nzima.

Sasa Efeso, maana ndiyo iliyokufanya uandike. Hapa hesabu hupigwa kutoka mwisho kurudi mwanzo. Meli inaondoka saa kumi na moja jioni, tuseme mwisho wa kuingia ni saa kumi na nusu. Toa akiba ya saa moja na nusu. Hiyo siyo ya kununulia zulia wala kunywea chai, ni ya tairi kupasuka. Geti la bandari, basi, muwe mmelifikia saa tisa. Barabara ni kama kilomita ishirini, sawa na Nakuru hadi Njoro, lakini ipeni saa nzima. Kwa hiyo Efeso mnaiacha saa nane kamili, hata kama mzee bado anapiga picha. Mkishuka melini saa mbili na nusu asubuhi na kufika saa tatu na nusu, mna saa nne na nusu pale, na wengi huridhika kwa saa mbili au tatu. Siku hiyo inawatosha bila ziara ya meli, tena kwa nafasi.

Kuna magari madogo ya abiria yanayoitwa dolmuş, yanayokwenda Selçuk, mji ulio karibu na Efeso, kutoka mjini Kuşadası. Mtu wa Nakuru atayaelewa mara moja: maana ya jina ni "limejaa", na hivyo ndivyo yanavyofanya kazi, kama matatu zetu. Kituo hakiko getini mwa bandari, ni mwendo kidogo kuingia mjini. Mwambie dereva mapema kwamba mnashukia Efeso, atawaacha barabarani, kisha mnatembea hadi lango la chini. Kwa vijana ningesema panda hilo na usitafute kingine. Kwa goti la mzee, nasema chukueni teksi, na hii ndiyo sababu: magofu yote yako kwenye mteremko. Aingiaye lango la chini hupanda, kisha anarudi alikotoka. Aingiaye lango la juu anashuka tu, na teksi inamngoja chini. Mpatane bei ya kwenda, kungoja na kurudi kabla mlango haujafungwa, mpatane pia ni euro au lira, na pesa itoke mkirudi getini mwa bandari. Pigeni picha namba ya gari. Dereva akidai alipwe yote mapema, mwacheni, wako wengi.

Viatu viwe vya soli inayoshika, kwa sababu marumaru ya njia ile imesuguliwa na nyayo kwa karne nyingi na inateleza hata ikiwa kavu. Kivuli ni kidogo sana. Bebeni maji na kofia. Mtapita mbele ya Maktaba ya Celsus, ambayo ukuta wake wa mbele ulisimamishwa upya na wanaakiolojia katika miaka ya 1970, kisha mtafika kwenye ukumbi wa wazi uliochongwa kwenye kilima, wenye nafasi ya watu wapatao 25,000. Huko ndiko umati ulikokimbilia Demetrio mfua fedha alipowachochea watu dhidi ya Paulo. Kaeni kwenye ngazi za chini, mtazame mbele. Barabara pana inatoka pale kwenda moja kwa moja hadi ilikokuwa bandari, na leo hakuna bahari, ni bonde tu. Mto ulijaza tope karne kwa karne, bahari ikasogea mbali kilomita kadhaa na mji ukafa. Sisi wa Kisumu tunaoliona tope la mto Nyando likiingia ziwani tunaposimama pale tunakaa kimya kidogo.

Santorini ni kinyume cha Kuşadası. Kwa macho ni karibu, kumbe ndiko kwenye hatari kubwa ya kuchelewa. Maji ni marefu mno chini ya lile jabali, kwa hiyo meli kubwa haifungwi gatini. Mnapelekwa nchi kavu kwa boti ndogo. Kutoka kwenye gati la chini kwenda mji wa Fira kuna kigari cha kamba, au ngazi 588, au punda. Ngazi haziwezekani kwa goti hilo. Punda siwashauri pia: njia ni ile ile ya ngazi, imejaa mavi na inateleza, na wanyama wale wanateseka. Inabaki kigari cha kamba, na alasiri kila abiria wa kila meli anakitaka kwa wakati mmoja. Foleni huweza kumaliza saa nzima na zaidi. Waliopanga foleni ya magari ya feri pale Luanda Kotieno siku ya mkesha wa sikukuu wanaijua hali hiyo. Baki Fira, usiende kijiji cha Oia kwa basi. Tazameni mandhari, kunyweni kitu, na muanze kushuka saa mbili na nusu kabla ya boti ya mwisho.

Kuna jambo ambalo wengi hulisahau kuhusu Santorini. Ukiachwa Naples, treni ya haraka inakufikisha Roma kwa saa moja na dakika chache, na safari yenu ilikuwa inaishia karibu na hapo. Ukiachwa Santorini, bandari inayofuata ni nchi nyingine, ng'ambo ya bahari. Akiba ya muda ipimwe kwa ukubwa wa hasara, siyo kwa umbali wa ramani. Msilipie pia chochote cha Santorini ambacho pesa yake hairudi, kwa sababu upepo ukivuma nahodha anaweza kupita bila kusimama. Na msishtuke mkiona euro 20 za ziada kwa kila mtu: tangu Julai 2025 serikali ya Ugiriki hutoza ada hiyo kwa abiria wa meli wanaoshuka kisiwani humo kati ya Juni na Septemba.

Piraeus, bandari ya Athens, ni rahisi. Treni ya mjini, njia ya kijani, inawafikisha Monastiraki katikati ya Athens kwa chini ya nusu saa, na tangu Oktoba 2022 njia ya tatu nayo inafika Piraeus. Kitakachowachosha ni kutoka gati la meli hadi kituo, ambako kwaweza kuwa mwendo mrefu. Pandeni basi au teksi kwa kipande hicho. Tikiti ya Acropolis, kilima chenye mahekalu ya kale, huuzwa kwa saa maalumu, kwa hiyo inunuliwe mtandaoni mapema, na mchague saa ya asubuhi kabisa. Ikiwa kupanda kule kutamshinda mzee, miguuni pa Acropolis kuna jiwe la Areopago, kuingia ni bure, na ndiko Paulo alikohutubia Waathene. Juu yake panateleza. Anaweza kukaa chini ukapanda wewe. Mifuko ya suruali ifungwe ndani ya treni. Wezi wa pale wana mikono laini kuliko ya steji yoyote ya Nakuru.

Naples meli hufungwa katikati ya mji, mkishuka ngome ya kale iko mbele yenu. Pompeii, iliyofukiwa na majivu ya Vesuvius mwaka 79, iko mwendo wa chini ya dakika arubaini kwa treni ya Circumvesuviana kutoka kituo cha Garibaldi mjini Naples hadi kituo cha Pompei Scavi, na lango liko karibu sana na kituo. Tangu Novemba 2024 wanaoingia hawazidi 20,000 kwa siku, na tikiti huandikwa jina la mwenyewe, kwa hiyo pasipoti au nakala yake iwepo. Usiku wa kuamkia Naples ulizeni melini kama treni zimegoma. Italia migomo hutangazwa mapema. Ikiwa upo, tembeeni mjini kwa miguu na msiende mbali.

Kila mnaposhuka, kila mmoja abebe nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti na ule wa visa, kadi ya benki, na karatasi yenye simu ya wakala wa meli wa bandari hiyo, ambayo huchapishwa kwenye ratiba ya kila siku. M-Pesa haitawasaidia huko. Mkiwa baharini zimeni mtandao wa simu kabisa, kwa sababu simu hushika mnara wa setilaiti wa meli na kula pesa usiku mmoja kuliko mlivyotumia mwezi mzima.

Visa. Italia na Ugiriki zimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia visa moja; Uturuki haimo. Mkienda Kuşadası mnahesabiwa kuwa mmetoka, na mkifika Piraeus mnaingia tena. Visa ya kuingia mara moja itawakwamisha hapo, kwa hiyo ombeni ya kuingia mara nyingi na muambatishe ratiba ya meli ili ofisa aone sababu kwa macho yake. Ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, msingoje Agosti. Nchi ya kuombea ni ile mtakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana ni ile mtakayoingia kwanza, ambayo kwenu ni Italia. Bima ya safari ni lazima, isiyopungua euro 30,000 kwa matibabu. Kuhusu Uturuki, binti yenu aiandikie kampuni ya meli barua pepe aulize abiria mwenye pasipoti ya Kenya anatakiwa kuwa na nini ili kushuka Kuşadası, na jibu hilo mlichapishe mlibebe. Neno la simu halitoshi, maana mlangoni nimeona watu wakibaki melini siku nzima kwa sababu walikuwa wameambiwa tu kwa mdomo.

Mfike Roma siku moja kabla ya meli, msishuke ndege ya asubuhi mkitegemea kupanda meli jioni. Na saa za Naples hukuziandika, Mwalimu. Nitumie, nikupigie hesabu ya Pompeii kama ile ya Efeso.